Kaluvu ya Kumpelekea Muigai

Februari hii jua la Kalama halikuwa na adabu. Mabati yalianza kulia mapema asubuhi, kuku wakalala chini ya ghala midomo wazi, na mzee Ndambuki, mtu mzima mwenye akili zake, alikuwa jikoni kwa marehemu mkewe Wavinya akichochea moto kando ya kibuyu kilichofungwa blanketi. Jamani, joto lile lote, na blanketi juu.

Usimcheke sana. Miaka yote ya ndoa alimwona Wavinya akipika kaluvu hivyo. Maji ya miwa yaliingia kibuyuni pamoja na vipande vikavu vya tunda la mti wa mwatine vya kuyachachusha, halafu kibuyu kikawekwa karibu na moto na kufunikwa, pombe ijiive yenyewe polepole. Alichosahau mzee wetu ni kwamba Wavinya alipika mwezi wa saba, wakati baridi ya vilima hivi inaingia mpaka kwenye mifupa. Kazi yake yeye ilikuwa kukamua miwa na kunywa. Mwaka jana Wavinya alikwenda na ujuzi wake, Ndambuki akabaki na blanketi.

Na hii haikuwa pombe ya mchezo. Musyoka, mwanawe wa pekee anayefanya kazi Syokimau, alikuwa amepata msichana, Wangechi, binti ya Muigai anayeuza misumari na rangi kule Tala. Krismasi alipokuja nyumbani alisema, "Baba, utanipikia ile ya mama, twende nayo kwa kina Wangechi." Wakapanga Jumamosi hii. Baba ya kijana hubeba kibuyu mwenyewe, akaonja wa kwanza mbele ya wenyeji, ndipo akafungua mdomo kuomba mtoto wa watu. Ndambuki alikuwa akiisubiri kazi hiyo tangu Musyoka akinyonya. Tena tangu mazishi hakuna mtu aliyekuwa amemwomba kitu chochote, na siku nyingine jua lilitua hajasikia hata sauti yake mwenyewe. Ombi la kijana lilimfanya aamke tena asubuhi akiwa na sababu.

Shida ilikuwa masikio. Kaluvu husikilizwa. Ukiweka sikio kibuyuni ukasikia inanong'ona, bado. Ikinyamaza, iko tayari, na ukiichelewesha mpaka kesho kutwa, hiyo ni siki. Alhamisi Ndambuki akaegemeza sikio la kulia, akageuza la kushoto, akasikia mapigo ya moyo wake basi. Angemuuliza nani? Wale aliozoea kunywa nao, mmoja yuko kaburini, mwingine amekatazwa na daktari, na waliobaki wameokoka, hata ukiwasalimu wanakujibu kwa mahubiri.

Ikabidi ameze kiburi, aende kwa jirani yake Nzembi, mama Carol, mjane kama yeye. Nzembi ni muumini wa kanisa lile ambalo hata soda ya tangawizi wanaitilia shaka.

"Mama Carol, niko na shida ya masikio. Kuja unisikilizie kibuyu."

"Cha pombe, baba Musyoka?"

"Sijasema unywe. Usikilize tu."

"Bwana asifiwe," Nzembi akasema, kwa sauti ya mtu anayelalamika, akajifunga leso na kumfuata.

Jikoni aliinama, akaweka sikio, akakaa hivyo kwa muda. Kisha akagusa blanketi, akarudisha mkono haraka.

"Imenyamaza. Na hii ulikuwa unaipika kama maharagwe? Toa huo moto."

"Wavinya alikuwa anaweka moto."

"Wavinya alikuwa anaweka wakati wa baridi, mzee. Hii ya leo ingeiva hata ungeiacha juani."

Ndambuki akahesabu siku. Imewahi, na Jumamosi itakuwa imeharibika. Dawa ilikuwa moja tu, Musyoka aje leo, kesho wawe Tala. Akatoa simu, akaiweka spika mpaka mwisho, kwa sababu bila hivyo haambulii kitu.

"Musyoka, kaluvu imeiva mapema. Kuja leo, kesho twende kwa Muigai."

Upande ule gari lilipiga honi. 

"Baba, nilikuwa nikupigie," alisema. "Sisi tulishaenda. Jumamosi iliyopita. Mjomba Kimanzi alikuwa na nafasi na ako na gari, akasema ataongea badala yako. Tulibeba kreti za dukani, mambo ya vibuyu watu wa siku hizi hawaamini. Walipouliza baba yuko wapi, nikawaambia unaugua. Si ni sawa? Joto hili lingekuumiza bure. Harusi utakuja."

"Haya," alisema Ndambuki, na simu ikakatika.

Alikuwa amesikia. Spika haikupoteza hata neno. Iliuma kwamba mwanawe aliombewa mke kwa mdomo wa mtu mwingine. Iliuma zaidi kwamba huko Tala yeye sasa ni mgonjwa, na yuko hapa amesimama kwa miguu yake. Na juu ya hayo, jirani alikuwa pale pale mlangoni, ameshuhudia baba mzima akiachwa nyumbani. Aibu ilimpanda usoni. Alitamani masikio yawe yamekufa kabisa.

Akarudisha simu mfukoni taratibu.

"Huyu kijana anaongea mbio sana," alisema, macho yake yakiwa chini. "Sikushika. Amesemaje?"

Nzembi alijua kwamba mzee amesikia. Alikuwa ameyaona macho ya mzee yakilowa wakati Musyoka bado anaongea. Na Nzembi huyu, kila Jumapili husimama mbele ya waumini akashuhudia kwamba tangu aokoke ulimi wake haujatoa uongo.

"Amesema joto limezidi," alijibu. "Wameahirisha mpaka baridi ianze. Na amesema bila wewe hawaendi."

Ndambuki akaitikia kwa kichwa mara nyingi kuliko ilivyohitajika. 

"Basi hii nitaimwaga," alisema. "Nitapika nyingine."

Nzembi alifika nje, akasimama juani akimpa mgongo.

"Pika," alisema. "Miwa ukate kwangu, ile ya kule mtoni."