Dative Hakuonja

Niyonshuti alikipokea kibuyu kwa mikono miwili, akakisogeza hadi kidevuni, kisha akakirudisha mezani bila kunywa. Alikuwa anamtazama Dative. Wenzake waliokaa kwenye benchi la ua nao wakaanza kumtazama, maana kitu ambacho lazima kifanyike kilikuwa hakijafanyika.

Huko Giheke, Rwanda, anayekupa kinywaji huonja kwanza. Hata iwe soda, itafunguliwa mbele ya macho yako. Na kama ni urwagwa, pombe ya ndizi, aliyeipika hupiga funda moja mbele yako, akameza, ndipo anakupa. Si adabu tu hiyo, ni kiapo kwamba hakukutilia sumu. Miaka yote aliyouza pombe uani kwake Dative alionja bila hata kufikiri, na Jumamosi hii alisahau. Au tuseme ukweli: hakusahau. Alitumaini wao ndio wangesahau.

Kesho yake mchungaji Jean-Paul angembatiza katika ziwa Kivu. Dative hakuwahi kubatizwa popote. Alikulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka, kwa baba asiyetaka kusikia habari za kanisa, akaolewa, wakarudi Rwanda, na mumewe Vénuste akafariki. Tangu siku hiyo usingizi ulimkimbia. Akaanza kwenda kuimba na wale wa kanisa la kando ya barabara, na usingizi ukarudi. Hiyo ndiyo sababu yake, hana nyingine, wala haoni haya kuisema. Aliahidi mbele ya watu wote kwamba pombe haitagusa tena kinywa chake na biashara ataifunga.

Ila alipoahidi, ndizi zilikuwa zimeshaiva shimoni. Akazimenya, akazikamua kwa majani, akatia unga wa mtama, akafunika, na kwa mara ya kwanza hakuchovya hata kidole kujua kama pombe imekolea. Mchungaji alimwambia aimwage yote. Mama mkwe wake, mzee Mukansanga, akamwambia ajaribu aone: mtu akimwaga pombe nzima, majirani watasema alijua kilichomo. Basi akaona auze hii ya mwisho, afunge mlango, yaishe.

"Onja basi, Maman Dative," Niyonshuti alisema. Ni fundi wa kujenga, mtu mpole, na ndiye aliyemjengea Vénuste kaburi.

"Niliacha kunywa. Kesho njo ninabatizwa, unajua."

"Najua. Lakini kuonja haiko kunywa."

Hakuna aliyecheka. Wiki iliyopita walikuwa wamemzika Mugwaneza, jirani yao, tumbo limemvimba kama ngoma. Daktari alisema ni ini. Watu walisema mengine, na Mugwaneza alikuwa mteja wa ua huu huu. Dative aliona jambo hilo likipita kutoka jicho moja hadi jingine. Alimkumbuka Gasaro wa kilima cha pili, aliyeitwa mrozi, mtu wa kulisha wenzake sumu. Hakupigwa, hakutukanwa. Watu waliacha tu kumwomba moto, wakaacha kuketi karibu naye, watoto wao wakikimbia wakimwona, mpaka siku moja akafunga mzigo akavuka mpaka, na hadi leo hakuna anayejua aliko.

Funda moja tu. Mungu ataelewa, na mchungaji hayupo. Dative akakishika kibuyu, akakiinua, harufu ikampanda puani, tamu na kali, harufu ya maisha yake yote na Vénuste. Midomo ikagusa ukingo. Hapo ndipo alipoogopa kuliko wakati wote: kwamba ataingia majini kesho na uongo tumboni, na usingizi utamkimbia tena, safari hii moja kwa moja.

Akakirudisha. "Siwezi," alisema.

Wakaanza kuinuka, mmoja mmoja, bila hasira, wakiaga kwa upole kama watu wanaotoka msibani. Upole huo ulimtisha kuliko matusi.

"Leta hapa."

Mukansanga alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake. Tangu siku ile aliyomkataza kumwaga pombe, hakumsemesha tena mkwe wake. Yeye alibatizwa na mapadri wa Mibirizi akiwa mchanga, na alisema Mungu anayechukia ndizi yeye hamjui. Alikuwa na kifua kibaya, anakohoa mchana kutwa, na muuguzi alimkataza pombe kabisa.

"Mama, kifua chako," Dative alimwambia.

"Nyamaza. Hii pombe ilipikwa mu nyumba yangu. Mi njo nitaonja."

Hakuonja. Alikunywa kibuyu kizima, akisimama kukohoa katikati, mpaka yakabaki machicha chini, akakigeuza waone. Wakarudi kuketi. Mara kukawa na kelele, mizaha, na bidoni zima la pombe likaisha. Dative peke yake hakuweza kucheka. Alikuwa anasikiliza kile kikohozi.

Walipoondoka, mzee akamvuta mkono. "Nikikufa leo, batasema ni weye."

"Najua, Mama."

"Basi omba nisikufe. Si njo kazi yenu mule kanisani?"

Asubuhi Mukansanga hakuamka. Dative alimwita mlangoni, akajibiwa kwa mguno aachwe alale, na chini ya mguno kulikuwa na pumzi ya kukwaruza. Alisimama pale mpaka waimbaji wakapita kumchukua.

Ziwani majirani walikuwa wengi kuliko waumini. Niyonshuti akamuuliza mzee yuko wapi.

"Analala," Dative akasema, na neno lenyewe likamganda mdomoni. Waliolisikia wakatazamana.

Akavishwa kanzu nyeupe. Maji ya Kivu yakampanda magotini, kisha kiunoni, baridi, na alitaka kugeuka apande kilima mbio. Mchungaji akamshika bega, akamuuliza kama anaamini. Dative alikuwa anaangalia njia ya juu, ambako mtu mdogo aliyeinama alikuwa anashuka polepole, anasimama kukohoa, anashuka tena.

Mukansanga hakuwaendea waimbaji. Alipita hadi mbele ya majirani, akatafuta jiwe, akakaa akiligeuzia ziwa mgongo.

Mchungaji akauliza mara ya pili.

"Ndiyo," Dative akasema.

Maji yalipokuwa yanamfunika, yule mzee hakugeuka kutazama. Aliwakazia macho majirani, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyeinamisha uso alimgusa goti kwa fimbo mpaka akauinua akamwona.