Mtu wa Kumgeuza Mama Saa Nne

Barua ya wito ilimtaka mzazi wa Eliana afike mbele ya kamati ya shule siku ya Ijumaa, aeleze kwa nini mtoto wake wa darasa la saba alikuwa mtoro. Mzazi mwenyewe, Redempta, alikuwa kitandani mwaka wa pili sasa, tangu alipoanguka kutoka juu ya mkokoteni uliojaa alizeti akaumia uti wa mgongo. Baba alikwenda Mirerani kutafuta madini, kama wanaume wengine wa Ilongero miaka ile biashara ya mawe hayo ilipofunguliwa. Alileta salamu mara moja, kisha kimya.

"Andika kwamba naumwa," mama alisema.

"Wanajua unaumwa, mama. Barua haitakugeuza."

Shida ilikuwa hapo. Kila baada ya saa tatu hivi mgonjwa alipaswa kugeuzwa ubavu, la sivyo ngozi ingechubuka. Asubuhi Eliana alimwogesha, akamlisha uji wa uwele, akamgeuza. Lakini akienda shule, mpaka arudi mchana ni muda mrefu mno. Kidonda kilikuwa kimeshaanza kiunoni.

Ijumaa alivaa sare, akaenda peke yake.

"Shikamooni."

"Marahaba," akajibu mwenyekiti, Mzee Leonidas, akitazama mlangoni. "Mzazi yuko wapi?"

"Hawezi kutembea. Nimekuja mimi."

"Mtoto hajibu wito wa mzazi."

Eliana hakuondoka. "Basi nani atajibu, mzee? Nyumbani mkubwa ni mimi."

Mjumbe mmoja akashauri mgonjwa apelekwe kwa ndugu zake Manyoni. Eliana akatikisa kichwa. "Mama asihamishwe. Wala siombi chakula. Naomba mtu wa kumgeuza mama saa nne. Mara moja tu kwa siku."

Mwalimu Gasto, aliyeandika neno "mtoro" kwenye rejesta, akainamisha uso. Lea, mjumbe mwenye genge la nyanya, akasema, "Mimi jirani yenu, na sikujua kwamba lazima ageuzwe. Jumatatu mpaka Jumatano nitakwenda."

"Na Alhamisi na Ijumaa?" Eliana akauliza papo hapo.

Watu wakacheka, lakini si kwa dharau. Mzee Leonidas akamtaja mkewe.

Redempta alipoambiwa, alikasirika. "Nigeuzwe na watu kama gunia? Waone kidonda changu?"

"Mimi nimekiona, mama. Nikibaki hapa kukitazama, tutakuwa wawili tusioweza kwenda popote."

Mama alilia kidogo. Kisha akaomba kanga safi, asikutwe vibaya.

Siku ya kwanza Eliana alichelewa shule ili amwonyeshe Lea, naye Lea akamvuta mgonjwa mkono. Eliana akamsahihisha: mkono mmoja begani, mwingine nyongani, kisha taratibu. Akamrudisha mara tatu, Lea, mtu mzima, akitii. Mara mbili hakuja mtu. Eliana, alipopata habari, akatoroka wakati wa mapumziko, akakimbia nyumbani, akamgeuza mama, akarudi darasani jasho likimtiririka. Kidonda kilichukua miezi miwili kufunga.

Septemba alifanya mtihani. Matokeo yalipobandikwa, alikuwa miongoni mwa wanne waliochaguliwa kwenda sekondari, na sekondari ilikuwa mjini, mbali.

Alirudi nyumbani akiwa ameshaamua kuikataa nafasi. Redempta hakumwachia amalize kusema. Alimtuma Lea akawaite majirani, na walipojaa chumbani aliwapangia zamu mwenyewe, akiwa amelala ubavu, kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani.