Waliosubiri Ardhi Ilowe

Sikupanga kulala mchana ule. Mimi nikiwa na hasira silali, hukaa macho nikitafuta maneno niliyosahau kuyasema, na siku hiyo nilikuwa nayo tele. Tangu asubuhi nilikuwa nikigombana na mama mkwe wangu, tena kwa sauti, mpaka majirani wakaacha kutwanga wapate kusikiliza vizuri. Chanzo kilikuwa mbegu. Mwaka uliopita jua lilituunguzia shamba, tukabakiwa na kibuyu kimoja tu cha mbegu za mtama, basi, na hicho ndicho chakula chetu cha mwaka ujao, mimi, mama, na binti yangu Nyemo wa miaka minne, kwa kuwa mume wangu yuko mbali kwenye kazi za ujenzi na hatujui atarudi lini. Sasa mama, Novemba hiyo, mvua hata harufu yake hatujaisikia, ananiambia twende tukazifukie mbegu kwenye vumbi! Vumbi kavu, jamani, ambalo ukilikanyaga linakupanda mpaka magotini. Mimi ni Mbondei wa Muheza. Kwetu mtu husubiri ardhi ilowe, jembe lizame lenyewe, ndipo apande, na masika yakimponyoka, vuli ipo. Nikamwambia, "Mama, huku Ugogoni mnalisha mchwa." Nikachukua kibuyu, nikakifungia sandukuni mwangu. Mama hakunijibu. Alibeba jembe lake akatoka, nami nikahesabu kwamba nimemshinda. Nilizunguka ndani nikijisemea peke yangu mpaka adhuhuri, joto likanizidi nguvu, nikajilaza mkekani.

Mara nikajiona nimesimama njiani, katika nchi ambayo kila nyumba ilikuwa na mbingu yake. Nasema kweli. Juu ya paa moja wingu, juu ya paa la pili jua kali, na mpaka kati yao umenyooka kama pindo la kanga. Kwenye nyumba ya kwanza watu wa Makete walikuwa wakiota moto wa mkaa, wamejifunga mablanketi, na nje umande ulikuwa umeganda mweupe juu ya majani ya viazi. Hatua tatu mbele, watu wa Bukoba walikuwa wametazama juu wakingoja senene, maana kwao senene wakishuka ndipo mtu anajua mwaka umefika wapi. Ng'ambo ya njia watu wa Unguja walijikunyata kwa kipupwe, wamevaa masweta, ilhali mimi palepale nilikuwa nikivuja jasho. Hizo mbingu hazikunitisha. Kilichonitisha ni kwamba walikuwa wakicheka, kila nyumba ikiicheka nyumba ya jirani, wameshika mbavu, midomo imefunguka wazi, na hapakuwa na sauti yoyote.

"Usicheke nao," akasema mtu nyuma yangu. Nikageuka, nikamwona bibi mwembamba, miguu mitupu, shavu moja limejaa vumbi. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Mimi ni Usikivu." Nikamuuliza hapa ni wapi. Akainama, akaweka sikio ardhini, akakaa hivyo kitambo kirefu mpaka nikaanza kuingiwa na woga, ndipo akajibu. "Hii ni nchi ya majira. Kila ardhi ina namna yake ya kusema kwamba iko tayari. Kuna inayosema kwa baridi, kuna inayosema kwa wadudu, kuna inayosema kwa matope. Na kuna inayosema ikiwa bado kavu, kwa sauti ndogo sana. Mgeni anayeingia huku anaongea, hiyo haisikii." Nikamuuliza tena, "Na hawa wanaocheka?" Akasema, "Kila mmoja anadhani mbingu yake ndiyo pekee."

Nilitaka kumbishia, maana kubisha ndio ugonjwa wangu, lakini akatokea bwana mmoja nadhifu, amevaa mabuti ya mvua, ameshika mwavuli uliofunguliwa chini ya jua kali. "Wa nyumbani!" akaniita. "Mimi ni Ujuaji. Achana na kikongwe huyo, njoo kwa wenzako, watu wanaojua kilimo." Mwili ukanisisimka. Bwana yule alikuwa akisema kwa sauti yangu, hii hii ninayoitumia kila siku, na lafudhi yangu ya Muheza. Lakini nilifurahi, nakiri, kusikia mtu wa kwetu. Nikamfuata, bibi nikamwacha bila hata kumuaga.

Alinipeleka kwenye shamba la kijivu lisilo na mwisho. Watu walisimama kwa mistari, wanaume kwa wanawake, kila mmoja ametazama alikotoka, ngumi moja ameifumba mbele ya kifua. "Wanasubiri ardhi ilowe," akasema Ujuaji kwa sauti yangu. Nikamsalimu mama aliyekuwa karibu. Hakunitazama. "Bado," akasema. Wa pili yake akasema, "Bado," na wa tatu, na neno likaenda mstari mzima mpaka likapotea mbali. Nikaitazama ngumi yake. Mbegu zilikuwa zimeota humo kiganjani, mizizi myeupe imepenya kati ya vidole, imerudi kwenye mkono, inatembea chini ya ngozi kuelekea kiwiko. Na nyuma yao, Mungu wangu, mvua ilikuwa imekwisha kupita. Udongo ulikuwa umelowa, ukakauka, ukapasuka, na hakuna aliyegeuka. Juu ya ardhi ile iliyopasuka walikaa watoto wao, kila mtoto na bakuli tupu mapajani, kimya.

Katika mstari palikuwa na nafasi moja wazi. Kwenye vumbi palikuwa na nyayo mbili, na ya kushoto ilikuwa na kidole kidogo kilichopinda, kama changu. Nyuma ya nafasi hiyo alikaa Nyemo. Nikamwita. Akaniangalia jinsi mtoto anavyomwangalia mgeni, akaniambia kwa adabu, "Mama yangu anasubiri. Usimsumbue." Nikataka kupiga kelele kwamba mama yako ndiye mimi, na kilichonitoka kinywani ni "Bado." Ujuaji akacheka, na safari hii kicheko kilisikika. Kilikuwa changu.

Bibi Usikivu alikuwa amesimama ukingoni mwa shamba, tena hakunikaripia. "Mwanangu," akasema, "piga magoti usikilize. Acha kusema, usikilize tu." Nikapiga magoti nikilia, nikaweka sikio kwenye vumbi la moto. Mwanzoni sikusikia kitu. Kisha, chini kabisa, kitu kikawa kinagonga, polepole, kinapumzika, kinagonga tena.

Nikaamka shavu liko sakafuni, na ule mlio wa kugonga uliendelea. Ulikuwa unatoka nje, shambani. Nikafungua sanduku, nikatoka na kibuyu kifuani. Mama alikuwa anachimba. Mwanamke wa miaka sabini, peke yake, tangu asubuhi, juani, alikuwa amechimba mashimo ya kupandia mstari baada ya mstari kutoka kwenye ua mpaka karibu na korongo, na yote yalikuwa matupu. Hakuwa na punje hata moja ya kutia. Na mimi kutwa nzima nilidhani ukimya wake ni kushindwa!

"Mama," nikasema, "umechimba yote haya na mbegu huna?"

"Mbegu unazo wewe, mama Nyemo."

"Na kama nisingekuja?"

Akaegemea mpini, akajifuta jasho kwa kanga, akatazama mawingu juu ya vilima. "Mvua ya huku sharti ikute mbegu chini; ikipita imepita, haina ya pili," akasema. "Lakini wewe ni mtu. Mtu nitamngojea."

Nikamwomba msamaha. Akanionyesha kwa kidevu mahali pa kuanzia, akainamia jembe lake. Nikapiga magoti kwenye shimo la kwanza, nikatia punje tano, nikazifukia kwa vumbi lile lile kavu. Niliogopa sana, sitaficha. Nikasogea la pili.