Kitanda Kilichobaki

Kunguni wa tano Zornitsa alimkuta kwenye mshono wa godoro, amevimba kwa damu kama punje ya komamanga. Alimgandamiza kwa kipande cha sabuni kilicholowa, akamsikia anapasuka. Harufu yao ikampanda puani, tamu na nzito, kama ya kitu kilichosahauliwa ndani ya kabati. Akakimbilia dirishani. Chini, wenye maduka wa mtaa wa Psiri walikuwa wakimwagia maji vibaraza vyao, na watalii wenye mashanta walikuwa wamekwisha kunyoosha shingo kuitafuta Akropoli, ngome ya kale ya Wagiriki kilimani.

"Ni yule Tiberiu aliyewaleta," alisema Halszka, mgeni wa hosteli, msichana wa Kipolandi aliyeketi juu ya begi lake katikati ya chumba, akiogopa kukaa popote pengine. Mkononi alikuwa na vipele vitatu vitatu, vimejipanga mstari. "Nakuambia, dada. Soksi za yule ukizitupa ukutani zinaganda."

Zornitsa hakubisha. Alikuwa amemchukia Tiberiu tangu siku ya kwanza. Mromania huyo alikuwa safarini miezi sita sasa, na uchafu wa nchi nane alikuja nao. Alikula dagaa wa kopo kitandani, akajifuta vidole kwa shuka. Alikata kucha za miguu kwenye meza ya kulia, na moja Zornitsa aliikuta ndani ya bakuli la sukari, baada ya kunywa chai.

Zornitsa mwenyewe hakuwa mgeni wala mwajiriwa. Alifagia, akasugua vyoo, akabadilisha mashuka kuanzia asubuhi hadi mchana, na kwa kazi hiyo mwenye hosteli, Bwana Stamatis, alimpa pa kulala. Alihitaji kitanda hadi Ijumaa tu. Siku hiyo kulikuwa na mtihani wa kuingia chuo cha kukarabati michoro ya kale, ule ambao mwaka jana aliufeli kwa alama mbili na kurudi kwao, mji wa Plovdiv, analia njia nzima. Leo ilikuwa Jumanne, na jiji lilikuwa limefurika. Hosteli zote zilikuwa zimejaa hadi Jumapili.

Bwana Stamatis alipanda ngazi akihema, shanga anazozichezea kutwa zikigongana mkononi.

"Kawaleta nani?"

"Wote wanasema Tiberiu."

"Sikuuliza wote. Wewe ndiye unayefua mashuka, binti."

"Ni mchafu," alisema Zornitsa.

Hilo lilikuwa kweli, na mzee akalichukua kama jibu. "Basi saa sita awe nje. Wewe niandikie vitanda vyote walikoumwa watu. Mtu wa kupuliza dawa ya wadudu yuko njiani."

Zornitsa alishuka mapokezi akafungua daftari la vitanda. Akaandika: chumba cha pili, kitanda cha dirishani, Alhamisi. Chumba cha sita, kitanda cha chini, Jumamosi. Chumba cha nne, jana. Akatafuta jina la Tiberiu ili aliandike pembeni ya kila kitanda. Siku zote tisa Mromania alikuwa chumba cha nne. Cha pili hajalala. Cha sita hajakanyaga.

Kalamu ikasimama. Katika hosteli ile, kitanda cha mfagiaji ni kile kilichobaki. Kila jioni, wageni wakishapangwa, Bwana Stamatis alimwonyesha nafasi iliyosalia, naye akabeba shanta lake na kulitupa juu ya godoro. Jumatano lilikuwa chumba cha pili. Ijumaa, cha sita. Juzi, cha nne.

Ngozi yake haikuwa na hata kipele kimoja, na kwa hilo alikuwa akijivuna, yeye anayeoga mara mbili kwa siku. Akakumbuka kwamba hata mbu wakimuuma havimbi.

Alilipeleka shanta bafuni, akaivuta zipu ya sponji la mgongoni. Ndani mlikuwa na kijiji kizima: vidoa vyeusi kama pilipili manga iliyotwangwa, maganda yaliyovuliwa, mayai meupe kwenye kila pindo, na wao wenyewe, wakubwa kwa wadogo, wakikimbia mwanga. Usiku mzima ndani ya basi, kutoka mpakani, alikuwa amelikumbatia shanta lile na kulilalia shavu. Alitapika mpaka kikabaki kitu cha njano.

Akarudisha zipu, akanawa. Mtu wa dawa atapuliza, aliwaza. Tiberiu ataondoka, na kwa vyovyote anastahili. Ni siku tatu tu. Wazo hilo lilimtambaa mwilini kama wale wa kwenye sponji, naye akaliacha litambae hadi aliposikia kelele jikoni.

"Kunuka nanuka, nakubali!" Tiberiu alikuwa akisema. "Lakini wadudu si wangu, bosi. Nimeumwa kuliko hawa wote. Tazama mgongo!"

"Usivue shati, tunakula!" alipiga kelele Halszka.

"Saa sita," alisema Bwana Stamatis. "Sitaki maneno."

"Ni wangu," alisema Zornitsa kutoka mlangoni. "Wamo kwenye shanta langu. Kila chumba nilicholala, nimewaacha."

Halszka, aliyekuwa amevaa sweta aliloazima kwa Zornitsa jana, alilivua haraka akalirusha sakafuni. Tiberiu alicheka mara moja, kicheko kibaya.

"Na ulinitazama kama kinyesi kwa siku tisa," alisema. "Msafi wewe!"

Bwana Stamatis alimvuta Zornitsa mkono, kisha akauachia haraka, akajifuta kiganja kwenye suruali. "Kwa nini usiniambie pembeni? Tungelimaliza kimyakimya. Sasa ona, kila mtu yuko kwenye simu anatuandika mtandaoni. Toka. Na hilo shanta lishushe mwenyewe."

Alilishusha ndani ya mfuko mweusi wa taka. Waliokuwa wakipanda ngazi walijibana ukutani, wamejikunyata. Nje, jua lilikuwa kali, na mtu wa dawa ndiyo kwanza alikuwa akifika, pampu mgongoni.

"Lako hilo?"

"Langu."

"Lifunge vizuri, uliweke juani siku tatu bila kufungua. Kwa joto hili, Ijumaa watakuwa wamekufa."

"Na mimi nitalala wapi mpaka Ijumaa?"

Yule mtu aliihamishia pampu kwenye bega lililokuwa mbali na Zornitsa, akaingia ndani.