Gunia na Mwiko wa Mpini Mrefu

Kitendawili! Mbona kimya? Kitendawili! Haya, umesema "tega", nami nakutegea. Nina mgeni nyumbani, hana mikono hana miguu. Nikimwandalia mara moja anashiba, nikimwandalia mara mbili anakufa njaa. Ni nani? Usikimbilie kunipa mji, tulia kwanza. Jibu utalikuta njiani.

Pale Ipagala, Dodoma mjini, aliishi mwanamke kijana jina lake Anitha, mke wa Ernest. Ernest alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali kule Mtumba, anatoka alfajiri na kurudi jua likizama. Kazi ya Anitha ndiyo iliyowashangaza majirani. Alikuwa na kibali cha watu wa wanyamapori cha kufuga nyoka wasio na sumu, akizunguka nao shule za msingi kuwafundisha watoto kwamba si kila kitambaacho kinastahili jembe.

Mwaka huo alibaki na mmoja tu, jike, mdogo bado, mnene kama kidole gumba na mfupi kuliko rula ya shule. Mgongo wake ulikuwa na rangi ya chungwa lililoiva, umepakwa madoa ya kahawia. Vitabu vinamwita boa. Wapakiaji wa soko la mahindi la Kibaigwa, waliomkuta chini ya magunia, walimwita shetani, wakanyanyua tofali. Bahati yake, dalali mmoja alikuwa na namba ya Anitha. Na kwa kuwa alitoka chini ya magunia, akaitwa Gunia.

Gunia alikaa chumba cha uani, ndani ya boksi la kioo lenye mchanga. Kutwa amejifukia, macho tu yako nje kama mbegu mbili za mchicha. Mlangoni Anitha alibandika ratiba kwa herufi kubwa: PANYA MMOJA MDOGO KILA BAADA YA SIKU KUMI. AKISHAKULA ASIGUSWE SIKU NNE. Panya wenyewe, weupe pe, aliwafuga kwenye sanduku nyuma ya jiko. Panya wa kumlisha Gunia hakumtupia akiwa hai. Alimtoa amekwisha kufa, kapashwa kwa maji ya moto, kashikwa kwa koleo.

Ukaja mwezi wa saba, na baridi ya Dodoma unaijua, upepo unakuingia mpaka kwenye mifupa. Kwa upepo huohuo akaingia mama mkwe wake, Bibi Loisi, kutoka Bahi, amevuna mpunga wake na kuja kupumzika kwa mwanawe. Alipoambiwa kilichomo chumba cha uani, alisimama getini na mzigo kichwani.

“Nyoka? Ndani ya nyumba ya mwanangu?”

“Hana sumu, mama,” Anitha alisema.

“Hata jembe halina sumu, lakini huliweki kitandani.”

Ernest alicheka mpaka akashika ukuta. Bibi aliingia, ila tangu siku hiyo hakumtaja Gunia kwa jina. Alimwita “yule mtu wako”. Kila asubuhi, akimaliza kuitikia shikamoo, alikuwa anauliza, “Yule mtu wako amekula?”

“Bado, mama. Mpaka siku kumi.”

“Siku kumi!” Bibi alikuwa anashika kifua. “Siku kumi, mgeni!”

Wiki ya pili ya ugeni wa Bibi, Gunia akatapika. Anitha alikuta kibonge kinachonuka juu ya mchanga, nyoka kalala pembeni kama kamba iliyotupwa. Akailaumu baridi, kwa kuwa umeme ulikatika usiku huo na taa ya joto ikazimika, na nyoka asipopata joto tumbo lake halisagi. Akajaza maji ya moto kwenye chupa, akaifunga kwa kanga, akailaza kando ya boksi kama anayemlaza mtoto. Akangoja siku kumi kamili, akamlisha tena.

Siku ya tatu Gunia akatapika tena.

Safari hii Anitha hakukimbilia kufagia. Alichuchumaa, akafukua kile kibonge kwa kijiti. Palikuwa na manyoya meupe. Palikuwa na manyoya ya kijivu. Akafukua tena. Mkia mmoja. Mkia wa pili!

“Ernest!” alipiga kelele. “Ernest, njoo! Mikia miwili!”

“Ya nani?” Ernest alijibu kutoka bafuni, sabuni usoni.

“Nilimpa panya mmoja! Mweupe! Huyu wa kijivu ni wa ghalani!”

Panya wa ghalani hajifungulii kifuniko cha boksi chenye jiwe juu akaenda kuliwa kwa hiari. Palikuwa na mkono wa mtu, na wenye mikono nyumba ile walikuwa watatu.

Jioni walikaa kula ugali wa uwele na mlenda. Ernest akavunja tonge, akalitazama.

“Ugali una madonge leo. Umeusonga kwa kijiko cha chai?”

“Kwa mwiko mfupi,” Anitha alisema. “Ule wa mpini mrefu siuoni wiki ya tatu hii. Mama, hujauona mwiko wa mpini mrefu?”

Bibi Loisi alikuwa anachota mlenda. Mlenda ukavutika, ukavutika, asiukate.

“Kuleni,” alisema. “Chakula kikipoa kinalaumiwa bure.”

“Na jingine,” Anitha akaendelea, akijitahidi sauti isipande. “Nani amemlisha Gunia?”

“Mimi yule hata picha yake siitazami,” Ernest alisema.

“Mimi?” Bibi akasema. “Mimi na nyoka? Nyoka wangu wote nimekutana nao nikiwa na jembe mkononi.”

Ni kweli tupu, lakini halikuwa jibu. Anitha alilisikia hilo, akamega tonge. Mkwe hamkabi mama mkwe kwa maswali mbele ya chakula.

Asubuhi alimpakia Gunia kwenye boksi la viatu lenye matundu, akaita bodaboda. Akaja Uwesu, kijana wa kijiwe cha pale kona.

“Dada, leo umebeba keki?”

“Nyoka.”

Pikipiki iliyumba, wakakosakosa mkokoteni wa maji. “Dada Anitha! Hilo si unalisema kabla mtu hajapanda!”

Daktari wa mifugo, Kefa, alimgeuza Gunia kwenye kiganja, akampapasa mbavu, akatikisa kichwa. “Tumbo la nyoka ni jiko moja, dada. Ukibandika chungu cha pili kabla cha kwanza hakijaiva, moto unazimika, vyote vinachacha. Anavitema, na akivitema vinatoka na uchachu wa tumbo unaomchoma koo. Mara mbili amevumilia. Ya tatu hutamleta kwangu, utamzika.”

“Nifanye nini?”

“Siku kumi na nne asile kitu. Maji tu, na joto. Kisha umpe panya mdogo kuliko wote ulio nao. Asipotapika akanya, amepona.”

Akirudi, Anitha alipita dukani akanunua kufuli. Alimkuta Bibi Loisi ameketi mbele ya chumba cha uani, ungo magotini, anachagua mawe kwenye mchele wake wa Bahi.

“Unafunga nini, mwanangu?”

“Chumba, mama. Daktari amesema siku kumi na nne bila chakula. Akilishwa tena, atakufa.”

Ungo ukasimama. “Akilishwa ndiyo atakufa?”

“Ndiyo, mama. Kinachomuua si njaa. Ni kulishwa.”

Kuku wawili wakasogea wakaanza kudonoa mchele pembeni mwa ungo, wala Bibi hakuwafukuza.

“Nilipokuwa msichana,” alisema, “bwawa la Bahi lilikauka likapasuka. Tulikuwa tunahesabu siku. Siku ya kwanza mtoto analia. Ya tatu analia taratibu. Mdogo wangu Mazengo, siku ya sita, hakuuliza tena kama kuna kitu jikoni. Alilala tu, macho nje.” Akaugeukia mlango. “Kama huyo mtu wako. Kalala mchangani, macho nje, haombi.”

Anitha aliishika ile kufuli, ikamwia nzito. Mtu aliyesimama usiku wa njaa akisikiliza kama mdogo wake anapumua, utamwonyesha ratiba ya ukutani akuelewe? Akaitia kufuli mfukoni. Akaenda jikoni, akarudi na kipande cha mkaa.

“Mama, mimi kichwa kizito, siku zinanipotea. Nihesabie wewe. Kila asubuhi upige mstari mmoja ukutani. Ikifika kumi na nne uniite, tumlishe pamoja.”

Bibi Loisi aliutazama ule mkaa kama mtu aliyekabidhiwa funguo za ghala. “Kumi na nne,” alisema. “Isipungue?”

“Isipungue, isizidi.”

Basi ikawa ndiyo kazi ya nyumba ile! Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Habari ilitoka na Uwesu ikazagaa kijiweni. Kila akipita alipunguza moto na kupaza sauti juu ya ukuta, kwa salamu ya Kigogo: “Mbukwa, bibi! Wa ngapi leo?”

“Mbukwa! Wa nane!”

“Anapumua?”

“Anakushinda wewe!”

Siku ya kumi Bibi hakula mchana. Siku ya kumi na mbili alimkuta paka wa jirani anachungulia dirishani, akamrushia kandambili zote mbili. Siku ya kumi na nne, hata jogoo hajawika vizuri, aligonga mlango wa chumba cha kulala. “Anitha! Amkeni! Imetimia!”

Akavua kandambili, akaingia chumba cha uani, mgongo umebana ukuta. Anitha akapasha kipanya kidogo kama punje ya karanga, akakishusha kwa koleo. Mchanga haukutikisika. Wakangoja. Ernest, aliyeapa haingii, alikuwa amesimama kizingitini na mswaki mdomoni.

Mara paa! Mchanga ulipasuka, Gunia akatokea ubavuni, akakidaka, akajizungusha mara mbili. Bibi Loisi alipiga kigelegele mpaka Ernest akameza dawa ya meno.

“Taratibu, mama, usimshtue!”

“Nimenyamaza! Nimenyamaza! Umeona alivyomkamata? Mwanamke huyo!”

Zikaja siku nne za kungoja, nazo zilikuwa ndefu kuliko zile kumi na nne. Bibi alihamishia kigoda chake mlangoni. Hakugusa kitu wala hakuruhusu kitu kiguswe. Siku ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Siku ya tatu, ile ambayo Gunia alitapika mara iliyopita, Anitha hakuthubutu kufungua kifuniko. Bibi ndiye aliyechungulia.

“Mchanga mkavu,” alinong’ona. “Mwanangu, mchanga mkavu!”

Siku ya tano, jua limepanda, sauti ilitoka uani ikaamsha mtaa. “Amekunya! Anitha! Yule mtu wako amekunya!”

Anitha alikimbia na unga mikononi. Alichuchumaa, akachimbua kwa kijiti. Kweli, kinyesi kizuri, kidogo, kimekauka, na kando yake kipande cheupe kama chokaa. Akamkumbatia mama mkwe wake, unga ukawajaa wote wawili. Nje pikipiki ilifunga breki.

“Vipi huko?” Uwesu aliita.

“Amekunya!” wakajibu kwa pamoja.

“Allahu akbar!” Akapiga honi mpaka kona.

“Leo ninasonga ugali mkubwa,” Anitha alisema, akicheka na kufuta macho. “Uwesu naye aje ale. Ila kwa mwiko ule mfupi, sijui nitausongaje.”

Akawa amekwisha kugeuka kwenda jikoni. Bibi Loisi alibaki pale kwenye kigoda, anautazama ukuta wenye mistari kumi na minne ya mkaa.

“Anitha.”

“Abee, mama.”

“Ule wa mpini mrefu uko nyuma ya pipa la maji,” alisema. “Mkono ulikuwa unaogopa kumfikia, mwanangu, ndiyo maana niliuchukua. Usiusongee ugali.”