Nusu Kichwa

Saluni yangu ina viti vitatu, kioo kimoja kirefu na sheria moja tu: asiyekuwepo hasengenywi. Ukimteta mtu humu ndani, unainuka na kichwa chako kilivyo, na hurudi kitini mpaka umpigie simu mwenyewe umwambie ulichosema. Wateja wananiita Jemadari. Sikasiriki, jina limenikaa.

Asubuhi ya harusi ya mwanawe, dada yangu mkubwa alikuja kusukwa. Nilikuwa nimefika nusu, upande wa kushoto umelala vizuri, wa kulia ungali timutimu, aliposema, "Huyo mkwe ninayeletewa hata chai hajui kupika. Amempumbaza tu mwanangu."

Nikaweka chanuo mezani. "Inuka, dada."

"Mimi? Niliyekubeba mgongoni?"

"Ulinibeba, na nashukuru. Inuka."

Wanawake waliokuwa wakingoja zamu waligeuka kututazama. Moyo uliniuma, sifichi. Mama wa bwana harusi kuingia ukumbini na nusu kichwa ni aibu ya ukoo mzima. Lakini juzi tu nilimwinua jirani kwa kosa hilohilo, akaenda kazini amejifunga kitambaa. Sheria ni msumeno. Ikikata majirani peke yao, hiyo si sheria, ni chuki.

Dada alijaribu kujisuka mwenyewe mbele ya kioo, vidole vikamgomea, na muda ulikuwa unakwenda. Mwishowe akachukua simu, akaweka spika kama ninavyotaka.

"Shikamoo mama," bibi harusi akaitika.

"Marahaba. Nimekusema huku. Nimesema hujui kupika chai, na kwamba umempumbaza mwanangu."

"Chai kweli sijui, mama, utanifundisha. Ila kupumbaa, mimi nilimkuta ameshapumbaa."

Saluni nzima iliangua kicheko, na dada alicheka kuliko wote. Nikajua amempenda yule binti, na roho yangu ikatulia. Akarudi kitini akijifuta machozi, nami nikashika chanuo.

"Ana akili huyu," akasema. "Tena kasema kweli. Yule mwanangu ni zuzu tangu azaliwe, mpaka leo tai anafungiwa."

Nikarudisha chanuo mezani. Dada akanitazama kwenye kioo, akashusha pumzi, akanyoosha mkono kuchukua simu kabla sijafungua mdomo.