Malisho Yaliyofungwa

Baba alipoyafunga malisho ya nyuma ya nyumba kwa mistari ya mawe, jirani yetu Lazhari alicheka hadi akashika mbavu. "Khalifa amepanda mawe. Anasubiri yazae." Zamani huku Tatawin kila ukoo ulifunga malisho yake yapumzike, lakini siku hizi kila mtu ana haraka, na ardhi imebaki kipara.

Baba aliuza nusu ya kondoo, samadi akairudisha ardhini, akangoja. Mwaka wa pili majani yakarudi. Watu wa kilimo walikuja kuchimba udongo, wakasema mizizi ile inafukia hewa ukaa nyingi kuliko inayotoka kwa mifugo yetu.

"Hewa wachukue," baba akaniambia. "Mimi nataka majani."

Mwaka wa tatu mvua ikatunyima. Kaka yangu Belgasim, ambaye ndiye mchungaji, aliingia siku moja na ngozi ya kondoo mwingine aliyekufa.

"Baba, wanakufa na majani tunayaona."

"Mbegu hazijadondoka. Ukiwaingiza sasa, mwakani huna kitu."

"Mwakani atabaki kondoo gani wa kuyala?"

"Ukishanizika, mwanangu, fanya utakavyo. Nikiwa hai, haingii hata mmoja."

"Haya. Siku hiyohiyo nitayang'oa hayo mawe."

Nilimchukia kaka yangu kwa neno lile, ingawa nilijua ana watoto wa kulisha.

Baba alifariki wiki iliyofuata, alfajiri. Mbegu zilikuwa bado kwenye masuke. Adhuhuri wanaume wakabeba jeneza, Belgasim mbele. Sisi wanawake hatuendi makaburini, kwa hiyo nilibaki kwenye mlango wa nyuma. Njia ya mkato inapita katikati ya malisho. Walipoyafikia mawe, Belgasim akasimama.

"Pita basi," Lazhari akasema. "Maiti hacheleweshwi, na jua lote hili."

"Tunazunguka."

"Kuzunguka ni hadi kule kilimani, bwana. Wazee hawa wataweza?"

"Atakayechoka tutampokea. Humu hapiti mtu wala mnyama mpaka nitakaposema mimi."

Lazhari alisita, kisha akaweka bega lake chini ya jeneza. Wakaenda polepole wakiyafuata mawe, baba yangu juu ya mabega yao, na hakuna aliyevuka. Kondoo walikuwa wanalia zizini kwa njaa, nami nikalia nao.